Mto Tana unadai mafuriko, si miche ya mwarobaini

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari ya miche iliyopandwa “kurudisha msitu” wa Mto Tana imenikera. Pichani ni mwarobaini na mkaratusi, tena kiangazi, kwenye udongo uliopasuka.

Nyanda zile mvua yake haitoshi kuotesha msitu. Miti huishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayojazwa na mto, ndiyo maana msitu ni ukanda mwembamba tu kandokando. Mkuyu na mpopla wa Tana (Populus ilicifolia) ndiyo hutangulia kushika mchanga mpya kwenye kona za mto. Mbegu ya mpopla ni ndogo mno, ina pamba, na hufa upesi. Hutaka mchanga mtupu, mbichi, ulioachwa na mafuriko wakati uleule mbegu zinapopeperuka. Kisha maji ya chini yashuke taratibu: kwa jamii ya mipopla, yakishuka zaidi ya sentimita 2.5 hivi kwa siku, mzizi hauyawahi na mche hunyauka. Sasa tangu bwawa la Masinga, huko juu ya mto, likamilike mwaka 1981, mafuriko yamepungua nguvu na tope jingi hubaki bwawani. Huo mchanga mpya utoke wapi? Mipopla mizee inaanguka, chini yake karibu hakuna machipukizi, na machache yanayoota huliwa na mbuzi!

Niliwahi kumwambia mratibu wa zoezi kama hilo kwamba mwarobaini si mti wa ukingo ule. Akanijibu miche imeshanunuliwa.

Na mathenge, ule mti vamizi wa miiba (Prosopis juliflora), je? Ulipandwa Bura, hukuhuku Tana River, miaka ya 1980, mifugo ikasambaza mbegu, na leo unaziba njia za kufika mtoni. Hakuna anayeuandika.

Mabwawa yaachie maji mwezi wa Mei, wiki mbili, wakulima wa bondeni wakiwa wameonywa mapema, kisha yapunguzwe kidogo kidogo. Anayetaka kupanda apande mkuyu: akate tawi nene kama kifundo cha mkono, urefu mita 2, alifukie sentimita 60 karibu na maji kabla ya mvua, ncha ya juu ibaki juu, alizungushie miiba. Mkindu achukue machipukizi yenye mizizi, na wagema waache kukata kilele, kwani shina lililokatwa kilele hufa.

Msomaji wenu, Tana Delta