Chokaa haijazimwa, msimpe kijana kopo la maji bila maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu chokaa. Mwezi uliopita hapa mtaani kwetu Unguja kijana mmoja msaidizi wa fundi alipewa pipa la chokaa iliyotoka tanuu, haijazimwa bado, yaani haijatiwa maji, akaambiwa tia maji basi, akachota kopo akaimwagia, mara ikaanza kutokota ikamrukia usoni. Watu wanauliza moto umetoka wapi na hakuna hata kiberiti, wengine wakasema maji yalikuwa na dawa. Si dawa jamani, ni moto ule ule wa tanuu!

Mawe ya matumbawe si yanapangwa juu ya magogo yanachomwa mpaka moto unafika kama digrii 900, sasa sehemu ya joto lile jiwe linalinywa ili liachie hewa ya kaboni, ndo kemistri inaita mmenyuko endothemiki, na kilo 100 za jiwe safi unabaki na chokaa kilo 56 tu. Ukitia maji inakuwa eksothemiki, joto linatoka, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya lile lililonywewa linarudi ndani ya dakika chache, kilo moja inatosha kuchemsha lita tatu za maji. Lililobaki linatoka taratibu miaka na miaka chokaa ikiwa ukutani inavuta tena hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, taratibu mno hata ukigusa kuta za Mji Mkongwe husikii kitu, na mimi kila nikipita pale nalifikiria hilo.

Mafundi nawaomba sana, maji yatangulie shimoni, mengi, halafu chokaa kidogo kidogo huku mnakoroga, mtu asiiname juu yake, na miwani avae. Unga mkavu ukimwingia mtu mwilini mpanguseni kwanza ndo muoshe kwa maji mengi. Jicho ni maji safi papo hapo, dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali. Na wanaouza waandike kwenye gunia kwamba haijazimwa, maana ikishasagwa huwezi kuijua kwa macho.

Kijana wetu walimpaka dawa ya meno kwanza, maji yakaja baadaye. Jicho la kushoto bado linaona ukungu.

Mwalimu mstaafu wa kemistri,
Unguja