Barua kwa rafiki aliyekabidhiwa idara ya TEHAMA

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa cheo. Barua yako niliisoma mara mbili usiku uleule. Umeniuliza mambo mengi, lakini nitakaa zaidi kwenye lile ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililoniumiza nilipokalia kiti kama hicho.

Unasema wakubwa wanataka mpango wa akili mnemba mezani kabla robo mwaka haijaisha. Waandalie. Ila kabla hujaandika mstari wa kwanza, chagua mfumo mmoja ambao ukizima kampuni inasimama, tuseme ule wa mishahara au wa ankara, uwaombe vijana wako waurejeshe kutoka kwenye bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, hadi kwenye seva tupu, nawe ukae nao mpaka mwisho. Usiulize kama bekapu zipo; kila mtu atakwambia zipo. Andika saa mlipoanza na saa mfumo ulipofunguka.

Mimi niliambiwa zipo. Kila asubuhi ripoti iliingia na alama ya kijani, nami niliifuta bila kuifungua. Siku diski za hifadhidata yetu zilipokufa ndipo tukagundua kwamba kwa miezi minne tulikuwa tunanakili folda isiyo na kitu. Mtu alihamisha data, na hakuna aliyekumbuka kuielekeza bekapu kule ilikohamia. Tuliingiza taarifa upya kwa mkono, kutoka kwenye karatasi na barua pepe za wateja, kwa siku kumi na moja. Hata hivyo, kilichoninyima usingizi ni kingine. Kijana wa zamu ya usiku alikuwa ameona wiki tatu kabla kwamba faili za bekapu zilikuwa ndogo mno, akanyamaza. Nilipomuuliza kwa upole, mambo yalipotulia, alinijibu huku akiangalia chini: mwezi uliopita alinisikia nikimkaripia mwenzake mbele ya idara nzima kwa kosa dogo, naye akaogopa kuwa wa pili.

Sauti yangu ndiyo iliyozima kengele ile, ndugu yangu. Nilikuwa na mitambo mizuri ya kufuatilia seva, lakini mtambo uliokuwa umeona tatizo ulikuwa ni yule kijana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemfunga mdomo.

Isome habari ya GitLab, kampuni inayowahifadhia waunda programu kazi zao mtandaoni, ya tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao, usiku, akiwa amechoka, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Gigabaiti zipatazo 300 zikaondoka. Walikuwa na njia kadhaa za kujikinga, lakini bekapu za kila siku zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua pepe za kuwatahadharisha zilikuwa zinakataliwa kabla hazijawafikia. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio tu. Wakapoteza data ya saa hizo sita. Kinachonigusa zaidi ni walivyofanya baadaye: waliyafungua maandishi yao ya uokoaji kwa umma kazi ikiwa bado inaendelea, wakarusha moja kwa moja watu watazame. Aliyekosea alikuwa humohumo, akiokoa pamoja na wenzake.

Kwa hiyo kila likitokea tatizo, kaeni pamoja. Swali la kwanza liwe mfumo uliruhusuje jambo hilo kutokea. Jina la mtu lisiwe swali hata kidogo. Na mara ya kwanza uanze na kosa lako wewe. Wakikuona umelisema na dunia haijaanguka, nao watasema.

Katika mazoezi ya kurejesha mifumo utakuta pia vitu vinavyotegemeana bila mtu kujua. Maersk, kampuni ya meli za makontena, iliposhambuliwa na programu hasidi ya NotPetya mwezi Juni 2017, ilipoteza seva zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji karibu zote kwa mpigo, kwa kuwa kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Iliyonusurika ilikuwa katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ile haikuwa mtandaoni. Ndipo wakaweza kujenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kama kumi. Na tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Sasisho lenyewe liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilitaka mtu aziendee moja moja. Basi weka nakala moja isiyoguswa na mtandao, na orodha ya simu na ya funguo za siri za kufungulia diski iwe mahali ambapo utaifikia hata kompyuta zote zikiwa zimezima.

Sasa akili mnemba. Usianze na marufuku. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung walibandika msimbo wa programu za kampuni kwenye ChatGPT, na mwezi Mei kampuni ikazuia zana za aina hiyo. Naielewa hofu yao. Lakini watu wako wanaitumia tayari, na ukifunga mlango watahamia kwenye simu zao, usikoona kitu. Wape zana moja iliyo na mkataba unaoeleza data inakwenda wapi, na ukurasa mmoja wenye maneno mepesi: hiki bandika, hiki usibandike. Kinachojibu wateja moja kwa moja kiwekee mtu wa kukagua. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yake. Likasema shirika linawajibika kwa yote yaliyomo kwenye tovuti hiyo. Kilio cha kwanza kikija, kitakuja mezani kwako.

Kuhusu bajeti, ni fupi. Wakubwa hawasikii ukisema seva imezeeka. Waambie: tulijaribu, mfumo wa ankara unachukua saa kadhaa kurudi, na katika saa hizo hatutozi mtu. Ile saa uliyoiandika ndiyo hoja yako, na hakuna mchuuzi wa programu anayeweza kukuandikia.

Mikataba ya wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, na leseni tutaongea kwa simu, ni mambo ya kukaa na karatasi mbele.

Ukishafanya lile zoezi niandikie, uniambie ilichukua saa ngapi na nani aliinua mkono kwanza kusema kuna kitu hakiko sawa. Huyo mshukuru mbele ya wenzake, siku hiyohiyo.

Nisalimie wa nyumbani wote.

Wako wa siku zote