Barua ya wazi kwa Balozi wetu Roma: ile kadi ni ya binti mwenyewe, waambieni

Mheshimiwa Balozi,

Salaam aleikum na salamu nyingi kutoka Malindi. Naandika hadharani kwa sababu hili si la nyumba moja, hapa kuanzia Maweni, Shela mpaka Barani huwezi kukosa binti aliyeolewa na Muitaliano akaenda kuishi kule, na wazazi wengi hata hawajui waulize nini. Waitaliano si wageni kwetu, wako tangu miaka ya 60 na mambo yao ya setilaiti kule Ngomeni, ya kwanza wakairusha 1967, na leo mpaka muuza samaki anawauzia kamba kwa Kitaliano. Kwa hivyo ndoa zitaendelea tu na mie sizipingi, nyingi zina heri.

Shida ni ile kadi, permeso, yaani kibali cha kuishi Italia. Wengi wanaoingia na viza ya muda mrefu wanatakiwa ndani ya siku 8 za kazi wawe wameshaanza kuiomba, mara fomu za posta, mara stampu ya kulipia, mara kwestura kwa polisi kupigwa alama za vidole. Na vyote ni kwa Kitaliano cha maofisini, si hiki cha bichi, basi mume ndo anajaza, mume ndo anampeleka, kadi ikitoka mume ndo anaiweka, na pasi pia anaiweka yeye. Hapo ndo mtu anafungwa bila kamba.

Binti wa dada yangu ameishi hivyo. Alikuwa akipigwa, na kila akisema anaondoka anaambiwa haya ondoka, napiga simu moja tu polisi wanakurudisha Malindi na watoto unawaacha. Akaamini. Na mamake huku akaamini, kila simu ni vumilia mwanangu, maanake hakuna mtu hata mmoja aliyetueleza vingine na majirani nao walikuwa wanasema vilevile.

Mheshimiwa, wewe unajua si kweli. Sheria yao ya 2007 ya jamaa za raia wa Ulaya inasema mke akiachana na mume haki yake ya kukaa haipotei kama ndoa ilikuwa imedumu angalau miaka 3 kabla kesi ya talaka haijaanza, na mwaka 1 kati ya hiyo waliishi Italia. Hata kama haijafika hapo, akipewa yeye kulea watoto, au kukiwa na kesi ya jinai, hata kama haijaisha, kwamba alitendewa uhalifu mle nyumbani, bado anabaki. Na ile sheria yao kubwa ya uhamiaji ya 1998 inaruhusu aliyeingia kwa kadi ya familia aigeuze iwe ya kazi mume akifa au wakitengana kisheria, halafu 2013 wakaongeza kifungu kabisa cha kumpa mgeni anayedhulumiwa nyumbani permeso yake mwenyewe. Kuna namba ya simu kule Italia ya wanawake wanaodhulumiwa, 1522, ya bure, usiku na mchana. Yaani mlango upo, uko wazi, na binti amekaa ndani anapigwa kwa sababu ameambiwa ni ukuta!

Na pasi, hii ya Kenya ni mali ya serikali ya Kenya, mume hana ruhusa ya kuizuia. Neno hilo likitoka kinywani mwako wewe litakuwa na uzito kuliko likisemwa na mimi.

Ninachoomba ni kidogo. Ubalozi uyatoe haya kwa Kiswahili, Kiswahili cha kawaida, na si karatasi peke yake, rekodini sauti za dakika mbili tatu ambazo mtu atazituma kwa watsapu mpaka zifike kwa yule binti yuko kijijini huko Brescia hana rafiki. Mseme kadi na pasi akae navyo mwenyewe, apige picha aitume kwa mtu anayemuamini, mseme ajue tarehe ya kadi kuisha na aombe mpya mapema. Mseme pia habari ya risiti, maana kuna wanaokuja mazikoni kadi mpya haijatoka wana ile risiti tu ya posta, na risiti hiyo hairuhusu kupitia nchi nyingine ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mtu akikata tiketi ya kupitia Amsterdam au Paris anajitafutia matatizo, afadhali ile ya Istanbul au Doha. Na wekeni simu ya mtu wa ubalozi ambaye binti akimpigia ataongea naye Kiswahili, kutoka Milano hadi Roma ni zaidi ya kilomita 500 na mwanamke asiyeshika hata pesa ya basi hawezi kuja kugonga mlango wenu.

Na huku nyumbani, tafadhali ongeeni na wenzenu wanaofungisha hizi ndoa, binti apewe maelezo hayo siku anayotia sahihi, na mamake akiwa hapo hapo asikie. Ikiwezekana yatoke kabla ya Disemba, maana huo ndo msimu wetu, Waitaliano wanajaa na harusi zinaanza.

Wako mzazi,
Maweni, Malindi