Hukuwa wewe uliyechoma kile kitambaa

Mwanangu mpendwa,

Asante kwa picha za chumba chako kipya. Nimezitazama zote, na ile ya dirisha nimeirudia mara nyingi kuliko unavyodhani. Kitanda umekitandika vizuri, vitabu umevipanga, na lile tufe la kioo ulilopewa na wenzako siku ya kuagana umeliweka kwenye ukingo wa dirisha lipate mwanga. Linapendeza kweli. Nakuomba uliondoe hapo leo hii, kabla hujalala. Kisha rudi usome yaliyobaki, maana nina jambo jingine ambalo nimekuwa nikiliahirisha tangu ukiwa mtoto.

Unakumbuka kile kitambaa cha meza chenye alama ya kuungua? Ulikuwa na miaka 9. Nilirudi jioni nikakuta mstari wa kahawia uliopinda, mfupi kuliko kidole changu, na mwisho wake mmoja una tundu dogo lenye kingo nyeusi. Nilikuuliza kiberiti umekipata wapi. Ukasema hukugusa kiberiti. Nikauliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Ulilia, ukaapa, na mimi nikakwambia kwamba kuchezea moto ningeweza kukusamehe, lakini uongo siusamehi. Wiki nzima hukutoka nje kucheza.

Hukuwa wewe.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule, nilikuwa nimejilaza nyumbani na homa, wewe uko shuleni. Nikasikia harufu ya nguo inayoungua. Nilipofika kwenye meza iliyo karibu na dirisha nilikikuta kioo cha kunyolea cha baba yako, kile cha mviringo kinachokuza uso, kimesimama mahali pake pa siku zote, kimelielekea jua. Mbele yake, juu ya shati nililokuwa nimelikunja, palikuwa na nukta ya mwanga ndogo kuliko kifungo, nyeupe kiasi cha kuumiza macho, na uzi mwembamba wa moshi unapanda kutoka hapo. Nilikilaza kioo kifudifudi, nikalimwagia shati maji, nikakaa chini. Nilielewa palepale.

Uliporudi sikukwambia. Nilijipa moyo kwamba umeshasahau. Hukuwa umesahau, kwa sababu miaka kadhaa baadaye nilikusikia ukimsimulia mdogo wako kwamba kuna siku mama alikataa kukuamini. Nisamehe, mwanangu. Nilikuadhibu kwa kosa ambalo hukulifanya, na nilipoujua ukweli nikaufungia kifuani kwa sababu niliona haya. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu jambo hili. Haya ninayokuandikia sasa ndiyo niliyopaswa kukueleza wakati ule.

Anga likiwa safi na jua likiwa juu, mita moja ya mraba hupokea nguvu ya karibu wati 1,000. Nguvu hiyo ikiwa imetandazwa, ngozi huhisi joto tu. Lakini kioo kilichobonyea kama kile cha kunyolea huichukua miale yote iliyouangukia uso wake na kuielekeza mahali pamoja. Kioo chenye upana wa sentimita 15, ambacho miale yake hukutana umbali wa sentimita 40, huukusanya mwanga huo katika doa lisilofika milimita 4. Hata ukitoa unaopotea kwenye kioo cha dirisha, bado ni mwanga mkali mara mamia kuliko ule wa kawaida, umetua juu ya uzi wa pamba. Karatasi na vitambaa vingi havihitaji zaidi ya hapo.

Tufe lako linafanya kazi ileile kwa njia tofauti, kwa kuipinda miale inapopita ndani yake. Na matufe yana hatari yake ya pekee. Lenzi ya kukuzia maandishi lazima ielekezwe jua ndipo ikusanye mwanga vizuri, ila tufe ni duara pande zote, kwa hiyo jua litokee upande wowote, upande wa pili patakuwa na nukta. Tena nukta hiyo iko karibu mno. Kwa tufe la kioo lenye upana wa sentimita 10, miale hukutana kama sentimita 2 na nusu tu nyuma yake. Bakuli la mviringo lililojaa maji huikutanisha mbali kidogo, umbali unaokaribia nusu ya upana wake. Sasa itazame tena picha uliyonitumia uone pazia lako liko umbali gani kutoka kwenye tufe.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Najua unafunga mapazia unapotoka, na unafanya hivyo kwa nia njema. Lakini tufe liko kati ya kioo cha dirisha na pazia. Ukifunga, unalileta pazia kwenye nukta yenyewe, na wewe hupo. Pazia lenyewe ni la bluu nzito. Rangi nzito humeza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana huwahi kuungua.

Usifikiri natia chumvi. Kuna chombo cha vituo vya hali ya hewa kilichotengenezwa kwa makusudi kufanya hivi kila siku. John Francis Campbell alikibuni mwaka 1853, na mwaka 1879 George Gabriel Stokes akakiboresha. Ni tufe la kioo tu, nyuma yake pana kadi ya karatasi ngumu. Jua likiwaka, nukta huichoma kadi. Wingu likipita, mchomo unakatika. Jioni mtumishi wa kituo anaitoa kadi, anapima urefu wa mstari ulioungua, na kujua jua liliwaka kwa saa ngapi siku hiyo. Nilipoiona picha ya kadi ile kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda mrefu. Ulikuwa ni ule mstari wa kwenye kitambaa chetu.

Utaniambia tufe limekaa hapo miezi miwili na hakuna kilichotokea. Nami ningesema hivyohivyo kuhusu kioo cha baba yako, kilichokaa mezani miaka. Jua halipiti njia moja mwaka mzima. Siku kwa siku linasogea, mara upande wa kaskazini, mara wa kusini, na pembe linayoingilia dirishani hubadilika nalo. Kwa miezi nukta inaweza kuangukia ukuta, au sakafu ya saruji, au hewani ambako haina cha kuchoma. Halafu zinafika siku chache ambazo inatua kwenye kitambaa. Zikipita, hatari inaondoka bila mtu kujua ilikuwepo, mpaka jua lirudie njia ileile. Jua la asubuhi na la jioni ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa linakuwa chini na kuingia ndani kabisa ya chumba. Ubaridi nao usikudanganye. Kinachochoma hapa ni mwanga, na siku ya baridi yenye anga jeupe inatosha kabisa.

Kwa hiyo usilijaribu tufe hapo ulipoliweka ili uone kama lina madhara. Lipeleke mahali ambapo jua halifiki saa yoyote, rafu ya ndani kabisa au kabatini. Fanya hivyo pia kwa lenzi, kioo chochote kinachokuza uso, chombo cha maua cha mviringo chenye maji, na ile chupa kubwa ya maji unayoiacha juu ya dawati. Chupa nyembamba iliyo tupu kwa kawaida haikusanyi mwanga sana, ila ikijazwa maji inakuwa lenzi. Kioo bapa cha dirisha au cha fremu ya picha hakina shida. Miwani yako wala usiihofie, kwa sababu lenzi za kumsaidia asiyeona mbali hutawanya mwanga.

Ukikuta moshi umeanza, usikazie macho ile nukta. Kwanza uzuie mwanga kwa kitabu au chochote kilicho karibu, halafu mwagia maji, na ukague ndani, maana pamba na sponji vinaweza kufukuta kwa saa nyingi bila mwali kuonekana. Moto ukiwa umeshashika, acha kila kitu, funga mlango nyuma yako, utoke na uwaite zimamoto. Hakuna kitu humo chumbani ninachokitaka zaidi yako.

Kitambaa kile ninacho bado. Nilikificha, sikuweza kukitupa. Nimekiweka ndani ya bahasha hii kwa sababu ni chako kuliko changu. Jana usiku niliupima ule mstari kwa rula: sentimita 5. Kwa kioo kama kile, nukta husogea chini kidogo ya milimita 2 kwa dakika kadiri jua linavyotembea, kwa hiyo ulichukua karibu nusu saa kuchorwa. Dirisha lile lilipata jua kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, baada ya hapo meza ilikuwa kivulini kutwa. Saa hizo ulikuwa darasani.

Mama yako