Karisa, mbege kwanza, baiskeli baadaye

Malindi,
Jumapili jioni

Sahibu yangu Karisa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, kusi limelegea na joto limeanza kutubana. Mpango wako wa kwenda Marangu, kule mlimani Kilimanjaro, na baiskeli mwezi wa Disemba umenifikia, nimeusoma wote hadi zile hesabu zako za vilima na mabonde. Umepanga kila kitu isipokuwa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, na mbege ndiyo ya kupangwa kwanza.

Sikulaumu. Sisi tumelelewa kwenye minazi. Mgema anapanda alfajiri na kotama yake, anakata kidogo panda la maua ya mnazi, anateremka na kibuyu, na tembo liko tayari. Limeanza kuchachuka lenyewe huko huko juu. Jioni limekuwa kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Kwa hivyo mtu wa mangwe, kilabu chetu cha tembo, hana miadi na pombe. Anapita, akikuta ipo anakaa. Ukienda Uchagani na tabia hiyo utapewa masalia ya juzi, unywe, kisha urudi Pwani useme pombe ya mlimani ni uji mchungu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na mbege yenyewe hawajaionja.

Nilipokuwa Marangu nilikaa na mama mmoja jikoni kwake nikatazama. Ndizi zinaachwa ziive hasa, kisha zinachemshwa kwenye sufuria kubwa saa nyingi mpaka zinageuka nyekundu ya udongo. Zikipoa zinafunikwa zichachuke kwa siku kadhaa. Kando kuna ulezi uliolowekwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Hicho ndicho kimea. Kinapikwa uji, unaachwa upoe, unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Halafu linakuja gome la msesewe, mti wa huko huko, ndilo linalotia uchungu. Kazi ile ambayo Wazungu wanaifanya kwa maua ya hopsi kwenye bia yao, Wachaga wanaifanya kwa gome. Likizidi, ulimi unakufa ganzi. Likipungua, unakunywa togwa tu. Yule mama hakuwa na mizani wala kijiko cha kupimia. Anachota kidogo kwa kata, anaonja, anatikisa kichwa, anaongeza. Mimi nikadhani imeshakuwa sawa zamani, yeye bado.

Baada ya hapo inalala, na kesho yake ndiyo siku ya kunywa. Ukichelewa inakuwa kali ya kukunja uso, ingawa wazee wengine huko wanaipenda hivyo hivyo. Sasa hesabu mwenyewe: kuanzia ndizi mpaka kata ni kama wiki au zaidi, na siku nzuri yenyewe ni moja. Baiskeli unaweza kuendesha siku yoyote. Basi tumuulize mama anapika lini, ndipo tukate tiketi.

Na huo mwezi wa Disemba tuuache. Mvua za vuli zinakuwa hazijaisha, na udongo wa mlima ule ukilowa unashika tairi mpaka gurudumu halizunguki. Mimi nasema Januari mwishoni au Februari. Tena Disemba Wachaga wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Pombe itakuwepo tele lakini ni ya shughuli zao, na kitanda hupati.

Kuhusu njia: umeandika unataka kupanda mpaka kambi ya Horombo. Inawezekana, kwa sababu njia ya Kilema imeruhusiwa baiskeli, ila ni ndani ya hifadhi, kwa hiyo kuna ada na kuna mwongozaji. Horombo iko mita 3,720, Karisa. Wewe umeishi maisha yako yote mita chache juu ya bahari. Mimi siendi, na wewe ukienda nitakusubiri kilabuni. Utamu wenyewe uko chini ya lango la hifadhi, kwenye vijia vya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga: migomba huku, kahawa huku, na kando yako mfongo unaoteremsha maji kutoka msituni kwenda mashambani. Mifongo hiyo ilichimbwa na mababu zao, na maji yana zamu yake, kwa hiyo usioshee baiskeli humo. Vijia ni vyembamba, vina mizizi, na kila kona anatokea mama na mkungu wa ndizi kichwani. Unashuka, unasogea pembeni, unasema shikamoo. Kule shikamoo haikosekani hata kwa mtu aliyekupita miaka michache, nayo ndiyo imenipatia kiti na kata mara nyingi kuliko pesa.

Baiskeli yako ipeleke kwa fundi sasa. Hapa Malindi breki ni pambo, hakuna mteremko wa kuzidai. Marangu kutoka langoni hadi Mtoni unashuka mfululizo, na ukizishika bila kuachia zinapata moto. Badilisha waya zote, maana chumvi ya bahari imezila hata kama hauoni, na tairi za barabara uziache nyumbani. Mazoezi tufanye njia ya Marafa, tuvuke daraja la Sabaki mapema kabla ya jua. Si mlima, lakini kuna vilima vya kutosha kukuonyesha gia zipi hazishiki.

Safari yenyewe haina tabu: Mombasa, Voi, Taveta, tunavuka mpaka wa Tanzania pale Holili, kisha Himo na juu Marangu. Beba pasi na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Baiskeli zitafungwa juu ya gari, kwa hiyo njoo na kamba zako, za makondakta siziamini.

Jambo moja sitalijadili: kunywa ni baada ya kushuka. Mbege haina haraka, inajaza tumbo kwanza, unajiona mzima kabisa, halafu unasimama. Bia ya chupa utaipata popote, lakini hatutapanda magari mawili matatu kwenda kunywa kinachouzwa hapa karibu na kwako.

Nambari ya yule mama ninayo. Ananihitaji nimwambie mapema ili anunue ulezi na aweke ndizi za kuiva, na tukiwa wawili tu anasema haipiki, inamwagika bure. Kwa hiyo mwambie na shemeji yako Kazungu, baiskeli ya kuazima nitamtafutia. Nijibuni kabla ya mwisho wa mwezi.

Wasalimie watoto na mama yao.

Ndimi sahibu yako,
Katana