Hata mistari ya rangi ni picha

Mhariri,

Naomba nafasi nimtaje Alma Thomas, mchoraji Mmarekani mweusi. Alifundisha sanaa shuleni Washington kwa miaka 35, akastaafu mwaka 1960, na ndipo akazama katika uchoraji dhahania, yaani usioiga umbo la kitu: vipande vifupi vya rangi, safu kwa safu, akiutazama mti ulio nje ya dirisha lake. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kufanya maonyesho ya peke yake katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Miaka 80, Mhariri!

Nami nafundisha kuchora hapa Dodoma. Juzi binti wa darasa la sita alijaza karatasi kwa mistari ya udongo wetu mwekundu na kijani cha majani ya mzabibu, bila nyumba wala mtu. Mama yake akauliza, "Sasa mwalimu, hii ni nini?" Nikamwonyesha picha za Bi Thomas kwenye simu. Akazitazama kimya, kisha akaikunja ile karatasi taratibu, akaitia mkobani.

Tafadhali tengeni japo robo ukurasa kwa michoro ya watoto ya namna hii. Wengi huacha rangi kwa kuambiwa hawajachora kitu.

Mwalimu wa sanaa,
Dodoma