Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: duru letu la kusoma sosholojia ya uhalifu

Wanachama wenzangu, salaam. Shughuli za mwaka mnazijua sina haja ya kuzirudia. Tulianza na mwanasosholojia Durkheim, kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu, tukaja kwa mwenzake Merton wa 1938, kwamba kila mtu anaambiwa afanikiwe ila njia halali wanapewa wachache, halafu Becker, kwamba mhalifu ni yule jamii iliyembandika jina hilo. Sutherland na wezi wa suti na tai, yaani wenye vyeo wanaoiba kupitia kazi zao, tulimgusa tu maana siku hiyo tulikuwa watu 6.

Sasa lile la chati. Najua mnanisema pembeni. Wenzetu walitaka chama kitoe chati ya kuonyesha uhalifu umepanda, eti kesi za polisi zimeongezeka, kamati ikagawana nusu kwa nusu na mimi nikaizuia kwa kura yangu. Nikaitwa dikteta. Jamani, polisi hawahesabu uhalifu, wanahesabu ulioripotiwa na ukaandikwa, basi. Mtu kaporwa simu anaona kituoni atapoteza muda tu, anaenda zake nyumbani, huyo kwenye chati hayupo. Mwingine karipoti vizuri ila aliyekaa kaunta hakuandika. Uingereza na Wales mwaka 2014 wakaguzi wenyewe wa polisi walikadiria asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa! Ndo maana Marekani tangu 1973 wanawahoji watu majumbani wamefanyiwa nini, na hata hiyo ina mwanya wake, aliyeuawa hawezi kujibu dodoso. Halafu kwa miaka mingi hesabu za FBI, shirika la upelelezi la huko Marekani, zilikuwa mtu akipora na kuua hapohapo linaandikwa kosa moja tu, lile kubwa. Sasa waliopigwa na wenzi wao wakianza kujitokeza kuripoti, chati inapanda hata kama kipigo ni kilekile, na sisi tungeitangaza kama balaa. Nimewaepusha na aibu, sidai shukrani, ila dikteta sio mimi.

Mahudhurio ni ya kusikitisha, na ada pia. Wanachama 46, waliolipa ada yote 17, waliolipa nusu 5, waliobaki ni ahadi. Ukimuuliza mmoja mmoja kila mtu kalipa, ila daftari la mweka hazina linasema vingine, hapo hata hao watafiti wa majumbani wangechanganyikiwa. Na kati ya walionipigia kelele za chati wapo ambao hawajatoa hata senti, majina sitaji, wanajijua.

Mwakani tunatarajia kumsoma Cohen na taharuki za kimaadili, yaani jamii inapoingiwa hofu kupita kiasi juu ya kundi fulani, tukipata nakala, na kuleta mgeni akipatikana. Vikao viwe kila mwezi ikiwezekana. Mweka hazina atabaki ukumbini baada ya kikao, na risiti safari hii anazo.